Wiki ya pili na tamthilia bado haijanoga: mwendelee au muiache?

KATIKA nyumba nyingi za Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, televisheni ni moja na watazamaji ni ukoo mzima. Bibi yuko mkekani, baba amerudi na matope ya jarubani, mama ndiyo kwanza anaepua sufuria, na watoto wana shule kesho asubuhi. Tamthilia mpya ikianza, wote huianza pamoja. Ikifika siku ya saba au ya nane bila jambo kubwa kutokea, ndipo maneno yanapoanza.

"Mama, hii haina kitu, tuhamishe," husema kijana mkubwa. "Tulia mjukuu wangu, huyu dada bado sijamwelewa," hujibu bibi. Baba hasemi neno kwa sababu ameshasinzia. Rimoti hubaki mkononi mwa mama, na uamuzi ni wake.

Mtu wa mbali anaweza kucheka na kuuliza kuna nini hapo cha kuumiza kichwa. Kipo. Kwanza ni hela. Kati ya Januari na Machi, mvua zikiwa zimekolea Katavi, fedha ya mavuno ya mwaka jana imekwisha na mpunga mpya uko majini. Shilingi ya kifurushi cha king'amuzi inagombewa na palizi, mbolea na madaftari. Kulipia mwezi mwingine kwa ajili ya tamthilia ambayo haijakushika ni kununua kitu usichokijua. Pili, hiyo ndiyo saa moja ya siku ambayo watu wote wa nyumba wanakaa sehemu moja wakitazama upande mmoja. Ikiharibika kwa kununa na kupiga miayo, hakuna nyingine mpaka kesho usiku.

Ushauri uliozoeleka ni "ipe siku tatu" au "ipe wiki". Ni ushauri wa haraka mno, maana tamthilia hazilingani urefu. Jambo la kwanza la kuuliza ni ina sehemu ngapi. Wengi wanaikumbuka tamthilia ya Kichina ya yule msichana Doudou na mama wakwe zake, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Ile ilikuwa na sehemu 36 tu. Tamthilia ya namna hiyo ikifika sehemu ya kumi bila kuchangamka, imeshakula zaidi ya robo ya safari yake, na mtu ana haki ya kushuka.

Huba ya Maisha Magic Bongo ni habari nyingine kabisa. Ilianza mwaka 2017 na ikaendelea msimu baada ya msimu. Hadithi ya namna hiyo inaandikwa huku inaonyeshwa, na sehemu kumi za mwanzo kwake ni kufagia uwanja tu. Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo ITV iliionyesha hapa nchini, ilianza kwao mwaka 1998 na kufungwa mwaka 2020. Hiyo hata swali la "itachangamka lini" halikuifaa, kwa sababu hakuna mwisho uliokuwa ukisubiriwa. Kila jioni ilijitegemea. (Ilihusu watu wa mji wa mgodi, na Mpanda yenyewe ni mji uliokuzwa na mgodi. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, na mgodi ule ulifungwa zamani. Wazee wa Mpanda wangeweza kuandika Isidingo yao.)

Zile za Kituruki zina ujanja wake. Kwao Uturuki sehemu moja huonyeshwa mara moja kwa wiki na huchukua saa moja na nusu, mara nyingi hata saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya kama dakika 45. Kwa hiyo unapodhani umetazama siku sita bila kitu kutokea, huenda umetazama wiki mbili au tatu tu za mtazamaji wa Istanbul. Ile ambayo Azam TV iliionyesha kwa Kiswahili kwa jina la Sultan ilikuwa na sehemu 139 kwao, na huku zikawa nyingi zaidi kwa sababu ya kukatwa. Mahali palipokatwa ni pa mkataji wala si pa mwandishi, na ndiyo maana baadhi ya usiku huisha ghafla mtu akiwa anafungua mlango.

Lakini mfano mzuri kuliko yote wa tamthilia inayochelewa ni Jumong, ya Korea Kusini, iliyotoka mwaka 2006 na kuisha 2007. Wengi hapa hawakuipata kwenye king'amuzi. Waliipata kwenye flashi, kutoka vibanda vya muvi mjini, ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, kazi ile ile ambayo zamani Lufufu aliifanya kwenye kanda za video. Aliyeinunua aliambiwa ni habari ya shujaa aliyeanzisha ufalme. Akaiweka, akakaa, na shujaa hakuonekana. Sehemu za mwanzo ni za mtu mwingine, Haemosu, mpiganaji anayewatetea wakimbizi dhidi ya himaya ya Han. Anakamatwa, anapofushwa macho, watu wanaamini amekufa. Jumong wakati huo ni mtoto mchanga.

Anapokuja kuonekana akiwa mkubwa ndiyo unashika kichwa. Ni mwoga. Upanga haujui. Kaka zake wawili wa jumba la mfalme wanamdharau na wanatafuta namna ya kumwondoa. Kijana wa Mwamkulu aliyezoea mapigano ndani ya dakika kumi hapa ndipo alipochomoa flashi. Aliyevumilia alifika kwenye gereza la pangoni, ambako Jumong anakutana na mzee kipofu na kuanza kufundishwa naye vita. Mzee ni Haemosu. Baba anamfundisha mwanawe, na wote wawili hawajui. Kila dakika ya zile sehemu za mwanzo inalipwa pale, na bila zile sehemu pango lile lingekuwa pango tu.

Hii haina maana kwamba kila kinachochelewa kina kitu ndani. Jumong yenyewe ilipangwa iwe na sehemu 60, ikapendwa, ikarefushwa hadi 81, na aliyeitazama yote anajua kuna mahali pale katikati ambapo majeshi yanakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo. Hizi za kwetu nazo, zinapotaka kusogeza siku, zina dalili zake. Mtu anapewa habari mbaya kwenye simu, kamera inamkazia uso, muziki unapanda, tangazo. Kesho unaonyeshwa tena uso ule ule. Mama mkwe na mkwe wanagombana Jumatatu kwa maneno ambayo watayarudia Alhamisi. Kuna siri moja, watu wanne wanaijua, na wote wanasema "nitakuambia siku nyingine".

Kipimo ni kusimuliana

Namna ya kutofautisha uchelewaji wa kujenga na uchelewaji wa kujaza muda ipo tayari majumbani, hasa katika nyumba za wakulima. Ni pale mtu aliyekosa anapoomba asimuliwe.

Mwamkulu watu hukosa sana. Mvua kubwa ikishuka, dishi hupoteza mawimbi na kioo hubaki cheusi na maandishi. Umeme ukikatika, basi. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda uliishi kwa majenereta ya dizeli, na wenye sola wanajua betri ya siku ya mawingu inavyokufa saa mbili na nusu usiku. Na msimu wa kupandikiza, mtu mzima anaweza kulala na sahani mkononi siku tatu mfululizo. Siku ya nne anauliza, "Bibi, kwani ilikuwaje?"

Msikilize bibi anavyojibu. Akisema, "Hakuna kitu, bado wanagombana," na ukitazama unakuta kweli wanagombana vile vile, tamthilia hiyo imekuibia siku tatu, au tuseme usingizi wako umekuokoa. Lakini akisema, "Yule kaka amemkopesha mwenzake hela ila hakumwambia imetoka wapi," hapo kuna deni limewekwa. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefumaniwa, lakini kuna kitu kitadaiwa baadaye. Tamthilia inayochelewa kwa haki ni ile inayoweka madeni. Siku saba za kusimuliana zikipita bila deni hata moja, hakuna sababu ya kusubiri ya nane.

Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri zaidi kwa mtoto. Mwambie mwanao wa darasa la nne akusimulie jana kulikuwa na nini. Mtoto akisimulia nani anataka nini na kwa nini hapati, hadithi imeingia. Akisimulia nguo, magari na kofi, kilichoingia ni picha. Siku ya kwanza hilo si kosa lake. Siku ya kumi ni kosa la tamthilia.

Na hapa kuna faida ya hizi zinazokwenda taratibu ambayo wasifiaji wa sizoni za haraka hawaitaji. Ile ambayo kila dakika kuna kifo haimsubiri mtu aliyekatikiwa na umeme. Ukikosa siku moja, umepotea. Inayokwenda pole pole inamsubiri mkulima. Anarudi baada ya siku tatu, anaelezwa kwa sentensi mbili, anaendelea. Wenye ving'amuzi tena wana marudio ya mwisho wa wiki.

Kinachofuata huko mbele

Kuna upande ambao wazazi huusahau. Tamthilia inayoanza polepole hupita mlangoni kwa adabu. Wiki ya kwanza mama anaangalia, anaona familia, harusi, mashamba, jumba la kifalme, anasema hii watoto wanaweza kukaa. Wiki ya nane mtoto ameshazoea, anawajua wote kwa majina, na ndipo mambo yanapoanza. Sultan ni mfano. Inaanza na msichana mtumwa aliyeletwa jumba la mfalme na vituko vya wanawake wa mle ndani, mtu anacheka. Mbele huko Ibrahim, rafiki wa mfalme tangu ujana, ananyongwa kwa amri ya mfalme. Kisha Mustafa, mtoto wa mfalme mwenyewe, naye ananyongwa baba yake akiwa hapo. Hayo ni ya historia, 1536 na 1553, kwa hiyo hayakuwa siri kwa aliyetaka kujua. Mtoto wa miaka minane aliyempenda Mustafa kwa miezi, akiona lile, si suala la kuhamisha chaneli tena.

Kwa hiyo kama kuna mtu anayestahili kuharibiwa utamu, ni mzazi. Tafuta aliyeimaliza. Mjini Mpanda hakosekani shangazi au binamu aliyeitazama yote kwenye flashi, na wauza muvi wengi wanaijua bidhaa yao. Muulize mambo mawili: inachangamka wapi, na ikichangamka kuna nini cha watoto kutoona. Akijibu kwamba inachangamka na kuna damu, basi unajua ni kuanzia lini watoto watakwenda kulala mapema. Heri kuliweka hilo tangu siku ya kwanza kuliko kumfukuza mtoto usiku ule ambao hadithi ndiyo imenoga.

Kuhusu usingizi, uvumilivu wa mkubwa usilipwe na mdogo. Kusubiri tamthilia inoge kwa wiki tatu, kila siku mpaka saa tatu au saa nne usiku, ni wiki tatu za mtoto kwenda shule akiwa na macho mekundu. Marudio ya mchana yanamtosha.

Mkishaamua kuiacha, nani atangaze? Mama mwenye rimoti akihamisha bila kusema, bibi atanyamaza, na kunyamaza kwa bibi kuna uzito wake. Mara nyingi yeye ndiye aliyeishika hadithi kuliko wote, kwa sababu hana simu ya kumvuta pembeni, na zile zilizoingizwa sauti za Kiswahili ndizo pekee anazozifuata bila kuuliza, kwani maandishi madogo chini ya kioo hayamsaidii. Aulizwe kwanza. Akisema amemwelewa yule dada na hamtaki tena, tamthilia imekwisha. Akisema bado, kuna njia ya katikati: familia ihamie kitu kingine siku za kazi, na Jumamosi bibi aachiwe marudio yake na mjukuu mmoja wa kumshikia rimoti.

Na kama kifurushi kitaisha katikati ya Februari na hela ya palizi haijatimia, kikatike tu. Mpunga wa Mwamkulu huanza kuvunwa kuanzia Mei, na tamthilia nyingi za sehemu mia na kitu zitakuwa bado zinaendelea. Mkirudi, kaeni siku mbili, ombeni mtu awasimulie, na mhesabu ni madeni mangapi yamelipwa mkiwa shambani.