Dawa Zinazolinda Figo Jipya

Mwaka 1954 mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walimpandikiza mgonjwa figo la pacha wake wa kufanana, na mwili ukalipokea kana kwamba ni lake. Wagonjwa wetu wengi hawana pacha wa namna hiyo. Anayepandikizwa katika Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ambako huduma hiyo ilianza Novemba 2017, hutegemea ndugu wa kumpa figo, kisha humeza dawa za kushusha kinga kwa muda wote ambao figo hilo litafanya kazi. Mara nyingi huwa tatu: takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni.

Predinisoloni huanza kujionyesha usoni. Uso hujaa ukawa mviringo, chunusi hutoka, njaa haishi. Sukari nayo hupanda, na mifupa hudhoofika polepole. Msichana anayeulizwa kila harusi mbona amevimba hivyo, anaweza kuanza kuruka vidonge kimyakimya, na mwili ukalishambulia figo bila yeye kuhisi maumivu yoyote. Kumwambia ashukuru kwamba yu hai hakumsaidii. Anahitaji daktari atakayemwuliza, amsikilize, kisha aone kama dozi inaweza kupunguzwa kwa usalama.

Maikofenoleti huharisha, hupunguza chembe nyeupe za damu, na hudhuru mimba. Mwanamke anayetaka mtoto abadilishiwe dawa kabla hajashika ujauzito. Takrolimasi hutetemesha mikono, hupandisha presha, huweza kuleta kisukari, na ikizidi mwilini huliumiza figo lile lile inalolilinda. Ndiyo maana damu hupimwa asubuhi kabla ya kumeza dozi.

Kwetu hatari kubwa zaidi iko kwenye mchanganyiko wa dawa. Kinga ikishushwa, kifua kikuu kilicholala huweza kuamka, na rifampisini inayokitibu hulifanya ini livunje takrolimasi haraka mno, figo likabaki bila ulinzi. Erithromaisini, flukonazo na hata juisi ya balungi hufanya kinyume chake: kiwango cha takrolimasi hupanda hadi kuwa sumu. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo nayo hulidhuru figo. Nyingi kati ya dawa hizi mtu huuziwa dukani bila kuulizwa chochote.

Kwa hiyo mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani bila kadi ya Kiswahili yenye majina ya dawa zake na zile za kuepuka. Aionyeshe kila duka la dawa na kila zahanati, kabla hajaeleza kinachomsumbua.