Gesi ya malori: Nzega bado wanaihesabu kwa mbali

Mwenye malori matatu wa Nzega, mkoani Tabora, amepiga hesabu mara kadhaa, na kila mara anaishia palepale: gesi ni nafuu, lakini haimfikii. Magari yake hupeleka mchele Dar es Salaam na kurudi na saruji, na faida yote inaliwa na dizeli. Jijini anaona foleni za bajaji na teksi zikijaza gesi asilia iliyoshindiliwa. Akishateremka mlima Sekenke kurudi nyumbani, anasema, hana pa kujazia.

Analalamikia zaidi injini. Ya petroli hufungiwa mfumo wa gesi na bado ikaendelea kutumia petroli pale gesi inapokosekana. Ya dizeli haina plagi. Ama ifumuliwe na kubadilishwa, ama ichome gesi ikichanganywa na dizeli. Halafu kuna mitungi. Hata gesi ikishindiliwa kwa bar 200, huhitaji nafasi takriban mara nne ya dizeli kwa safari ileile. Uzito wa mitungi hiyo unapunguza mzigo, maana mizani ya barabarani haitofautishi mtungi na gunia.

Ofisa mmoja wa sekta ya nishati anajibu kwa takwimu moja: futi za ujazo trilioni 57 zilizogunduliwa nchini. Takwimu hiyo haimsaidii mwenye lori. Takriban trilioni 47 ziko chini ya bahari kuu, na hazijaanza kuchimbwa. Gesi inayotumika inatoka Mnazi Bay na Songo Songo, ambayo iligunduliwa 1974 na kufika Dar es Salaam 2004, miaka 30 baadaye. Ofisa anasema gesi inaweza kusafirishwa kwa malori kutoka kituo mama, kinachoshindilia gesi, hadi vituo vidogo vya bara. Bei ya kilo itakayofika Tabora hakuitaja.

Njia ya kutoka pwani hadi Tabora haijawahi kupitika bila vituo. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipiga kambi palipo na maji na chakula cha kununua. Treni za mvuke zilizofika Tabora 1912 nazo zilitegemea maji ya stesheni.

Huenda bajaji za Tabora mjini zikatangulia, kwa kuwa kituo kimoja kingezitosha. Malori yatasubiri zaidi. Mwenye malori wa Nzega anasema atabadilisha gari moja siku atakapohesabu vituo vitatu kati ya Dodoma na kwake. Hadi hapo, anaendelea kununua dizeli.