MALEK AWAB, MTU WA PEMBENI



Ulizeni vijana wa ekipe yoyote: "Wewe unataka kucheza nafasi gani?" Karibu wote watajibu: "Mbele, katikati, niingize magoli." Na kama mwalimu akimuweka mmoja wao pembeni, utamusikia akinungunika: "Juu ya nini bananiweka kule?" Kwa maana kila mtu anajua kwamba anayeingiza goli ndiye anayebebwa mabegani. Yule aliyekimbia na laini hata akampelekea mpira, mara nyingi anarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya mtu mmoja aliyepata mkate wake na heshima yake katika nafasi ile ya pembeni. Jina lake ni Malek Awab. Alizaliwa mwaka 1961 katika nchi ya Singapore, kule Asia.

NCHI ISIYO NA MGODI

Sisi tunaoishi juu ya shaba na kobalti, ni vizuri tuijue nchi hii. Singapore ni kisiwa kidogo. Ukitoka upande mmoja mpaka mwingine ni kilometa 50 hivi. Hakuna shaba, hakuna zahabu, hakuna petroli chini ya udongo wake. Hata maji ya kunywa, sehemu kubwa ilinunuliwa kwa jirani yake Malaysia na kuletwa kwa mabomba. Katika miaka ya 1980 watu wake hawakufika milioni 3: Wachina ndio wengi, kisha Wamalay, kisha Wahindi. Utajiri wake ulikuwa bandari, masomo na mikono ya watu wake.

Malek ni wa kabila la Wamalay, na Wamalay karibu wote wanafuata dini ya Uislamu. Basi musidhani kwamba tunamuweka katika gazeti hili kwa sababu ni mwimbaji wa kwaya. Tunamuweka kwa sababu maisha yake ya kazi yanatufundisha jambo ambalo Biblia pia inalifundisha. Bwana Yesu mwenyewe hakuona haya kuchukua Msamaria akawa mfano mbele ya wasikilizaji wake.

Wakati Malek alikuwa kijana, Singapore haikuwa na shindano la wachezaji wa kulipwa. Mchezaji alifanya kazi yake muchana, na jioni akaenda mazoezini. Tena kijana mwanaume akifika miaka 18 alipaswa kuingia jeshini, awe mchezaji ao hapana. Furaha kubwa ya watu ilikuwa Kikombe cha Malaysia, shindano lililoanza mwaka 1921, ambamo Singapore ilishindana na majimbo ya Malaysia. Watu walijaa katika uwanja mkubwa wa taifa, wakapiga kelele kiasi kwamba kelele ile ilipewa jina lake: ngurumo ya Kallang, kwa jina la mtaa ule.

KUVUKA MPAKA

Mtu akitaka kula kwa miguu yake, alipaswa kuvuka. Kati ya Singapore na Malaysia kuna mlango mwembamba wa bahari, na juu yake barabara ya kilometa moja hivi. Mwaka 1987 Malek aliuvuka ule mpaka, akaenda kuchezea ekipe ya mji mkuu, Kuala Lumpur. Kule hakuwa peke yake. Alikuwa na mwenzake Fandi Ahmad, mchezaji wa mbele.

Huyu Fandi alikuwa tayari mtu wa jina. Alikuwa amecheza Indonesia, kisha Uholanzi katika ekipe ya Groningen, na mwaka 1983 aliingiza goli juu ya Inter Milan ya Italia. Watoto wa Singapore walibandika picha zake ukutani. Sasa fikiri, ndugu msomaji: unaingia katika mji mgeni, na anayetembea kando yako ndiye anayetazamwa na watu wote. Wengi wetu hapo tungeanza wivu. Tungeanza kuhesabu: yeye amepigiwa picha mara ngapi, mimi mara ngapi?

Lakini angalia kazi ilivyoendelea. Kuala Lumpur ilishinda Kikombe cha Malaysia mwaka 1987. Ikashinda tena mwaka 1988, na mwaka ule ikachukua pia ubingwa wa ligi. Ikashinda tena mwaka 1989. Fainali zote tatu ilishinda ekipe ile ile, Kedah. Vikombe vitatu katika miaka mitatu! Ekipe haifiki pale kwa mtu mmoja wa katikati tu.

KAZI YA WINGA

Mama na baba ambao hawafuati mpira sana, tuwaeleze kidogo. Winga ni mchezaji anayekaa karibu na laini ya pembeni, kuume ao kushoto. Zamani alivaa nambari 7 ao 11. Akipata mpira, anakimbia nao pembeni kwa nguvu. Beki wa adui anapaswa kumfuata kule. Akimfuata, katikati panabaki wazi. Hapo winga anapiga mpira kuuvusha mbele ya goli, na mwenzake anauingiza. Mpira ukipotea, winga huyo huyo anapaswa kurudi mbio mpaka nyuma kumsaidia beki wake.

Kuna dakika nyingi ambazo mpira hauji kwake hata kidogo. Hata hivyo anapaswa kukimbia, maana akisimama, beki wa adui atarudi katikati na njia itafungwa. Ni kusema, nusu ya mbio zake hakuna anayeziona wala kuzipigia makofi. Malek alijulikana kwa mbio zile: mtu asiyechoka, wa kwenda na kurudi.

Katika Injili kuna mtu mmoja sawa naye. Ni Andrea. Someni Yohana sura ya 1: Andrea alimjua Yesu kwanza, kisha akaenda kumtafuta ndugu yake Simoni, akamleta. Simoni akawa Petro, jina kubwa. Someni Yohana 6: wakati watu elfu tano walikuwa na njaa, ni Andrea aliyesema habari ya kijana mwenye mikate mitano. Someni Yohana 12: Wayunani wanataka kumuona Yesu, na ni Filipo na Andrea wanaopeleka neno lao. Kila mara Andrea anakimbia pembeni na kuleta wengine katikati. Siku ya Pentekoste ni Petro aliyehubiri, na watu kama elfu tatu wakaokoka. Lakini bila Andrea, ni nani aliyemleta Petro?

KIKOMBE CHA UCHUNGU

Wasomaji wasidhani kwamba njia yake ilikuwa vikombe tu. Malek alivaa jezi ya taifa lake zaidi ya mara 100, na ile jezi ilimpa machozi pia. Katika michezo ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, Singapore ilifika fainali mwaka 1983, ikashindwa na Thailand. Ikafika tena mwaka 1985, ikashindwa na Thailand tena. Ikafika mwaka 1989, na safari hii ilishindwa na Malaysia, mjini Kuala Lumpur, katika mji ule ule ambamo Malek alikuwa anafanya kazi. Mara tatu feza, zahabu hata moja hapana.

Mwanzo wa miaka ya 1990 alirudi kuchezea Singapore. Wakati ule ekipe ilikuwa imeanguka. Mwaka 1993 ilicheza katika daraja la pili. Ikajikaza, ikapanda, hata ikafika fainali ya Kikombe cha Malaysia. Na ni nani aliyewangojea kule? Kedah! Ekipe ile ile aliyoishinda mara tatu alipokuwa Kuala Lumpur. Siku hiyo Kedah ilishinda 2-0. Ndiyo dunia, wapenzi. Uliyemwangusha jana anaweza kusimama leo, kwa hiyo mshindi asimcheke aliye chini.

Mwaka uliofuata, 1994, Fandi naye alirudi nyumbani. Malek alikuwa na miaka 33, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kukimbia, ile ni jioni. Singapore ikashinda ligi. Kisha tarehe 17 mwezi wa 12, huko Shah Alam karibu na Kuala Lumpur, ikaishinda Pahang 4-0 katika fainali ya kikombe. Ilikuwa miaka 14 tangu kikombe kile kuingia Singapore. Maelfu na maelfu ya watu walisafiri na basi na motokari kwenda kuona. Wenye kuingiza magoli siku hiyo walikuwa wawili, na Malek hakuwa mmoja wao. Lakini kikombe kilikuwa chake pia.

MTEGO WA SAMAKI

Hapa tunafika penye neno gumu. Katika lugha ya Kimalay kuna neno "kelong". Ni mtego wa samaki: wavuvi wanasimika miti baharini kama ukuta, samaki anafuata ule ukuta polepole, bila kuona hatari, mpaka anaingia ndani, na njia ya kutoka haioni tena. Watu wa kule walichukua neno hilo kuita mchezo ulionunuliwa, yaani ambao wachezaji wamepewa feza ili washindwe ao ili magoli yafike hesabu fulani, juu ya faida ya wale wanaocheza kamari.

Miaka ile ile ya 1994 na 1995 mambo hayo yalifunuliwa. Katika Malaysia wachezaji wengi waliulizwa na polisi, wengi wakafungiwa kucheza. Katika ekipe ya Singapore yenyewe, mchezaji mmoja mgeni alishitakiwa, akakimbia nchi wakati aliachiliwa kwa zamana. Mwingine, naye mgeni, alihukumiwa mwaka 1995 akalipa faini kubwa. Huyu wa pili alikuwa ndiye aliyeingiza magoli matatu katika ile fainali ya Shah Alam!

Oneni namna zambi ya mmoja inavyochafua jezi ya wote. Aliyekimbia kwa moyo safi naye anatazamwa kwa mashaka. Sisi wa migodi tunalijua jambo hili vizuri. Mmoja akiiba kabo, siku inayofuata kazi nzima inapekuliwa mlangoni, mzee mwaminifu wa miaka makumi mbili pamoja na mwizi. Na rushwa haiji na pembe kichwani. Inakuja sawa na ule ukuta wa miti: soda moja, viatu vipya, "msaada wa nyumbani kwako tu." Kijana anafuata polepole. Siku anapotaka kutoka, hakuna mlango.

Mwaka 1995 Singapore ilitoka katika mashindano ya Malaysia, na mwaka 1996 ikaanzisha ligi yake ya kulipwa yenye ekipe nane. Hivi vijana waliofuata walipata kula kwa miguu yao bila kuvuka mpaka. Malek alikuwa anafikia miaka 35. Waliotangulia walikimbia pembeni ili wengine wakute njia wazi.

NENO KWA NYUMBA ZETU

Ninyi vijana, musione mpira ni njia ya mkato sawa na vile wengine wanavyoona karieri ni njia ya mkato, wakaacha masomo juu ya gunia moja la mawe. Malek alikuwa na miaka 26 hivi alipoanza kupata mkate kule Kuala Lumpur, na miaka 35 ilikuwa jioni yake. Hesabuni wenyewe: ni miaka kumi tu. Mungu akikujalia miaka makumi saba, utakula nini katika ile mingine? Endeleeni na masomo, shikeni na kazi ya mikono. Mpira ukija, uje juu ya msingi.

Ninyi wazazi, musimlilie mtoto kwa sababu hakuwekwa katikati. Musimsukume aibe nafasi ya mwenzake. Mufundisheni kukimbia hata pale ambapo hakuna anayepiga makofi, maana Baba wa mbinguni anaona na mambo ya siri.

Na kanisani? Kuna anayehubiri, na kuna mama anayefagia kanisa siku ya posho kabla watu hawajaamuka. Kuna kiongozi wa kwaya, na kuna anayemchukua kipofu mkononi kumleta kwenye benchi. Hawa ni mawinga wa Bwana. Siku ile kubwa, kikombe hakitatolewa kwa walioingiza magoli peke yao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika nyumba yetu ni nani anayekimbia pembeni, ambaye hatujamwambia asante?
2. Ni "soda" gani ndogo inayoweza kutuingiza katika mtego, kazini ao masomoni?
3. Andrea alimleta ndugu yake kwa Yesu. Wewe mwezi huu utamleta nani?