Kuchagua Nyimbo za Nyumbani

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Tangu redio ilipoingia nyumbani, hata huku Karatu, nyimbo huweza kusikika tangu alfajiri hata usiku. Basi ni juu ya watu wa nyumba kuchagua zipi wazisikilize, na saa gani pawe kimya. Asubuhi si jambo gumu: wimbo mwepesi wamfaa afagiaye na akamuaye, wala ng'ombe hana neno. Jioni ndiyo yenye shauri.

Kwa maana ziko nyimbo na maneno yasiyotimia kwa kusikiliza tu. Huko Ngorongoro, Wamasai huimba pasipo ngoma. Mmoja, aitwaye olaranyani, huanza, na wenziwe humwitikia kwa sauti nzito za kooni. Wairaqw wa Karatu nao wana slufay, maneno ya dua na baraka. Mzee huyasema, na waliopo huitika. Redio yaweza kuileta sauti ya mzee, lakini haingojei jibu. Mtoto asiyepata kuitika atajuaje mahali pa kuitikia? Kwa hiyo yafaa redio izimwe mara chakula kiishapo, babu angali macho.