Jawabu Lisilojibu

Kijana wa visiwani anayejifunza kuandika programu za kompyuta hana budi kuuliza, na mara nyingi wa kumwuliza yuko ng'ambo, kwa njia ya intaneti. Arudishiwacho pengine ni kemeo: “Kasome kitabu!” Hilo si jawabu. Stack Overflow, baraza la waandishi wa programu lililofunguliwa mwaka 2008, lilikiri lenyewe mwaka 2018 kwamba wengi, hasa wanafunzi wapya na wanawake, wameliona kuwa ni mahala pa uhasama.

Twawasihi vijana wasirudishe matusi. Waulize upya: wanakili tamko la kosa neno kwa neno, waonyeshe ile mistari michache inayokwama, waeleze walichokwisha kujaribu. Mjuzi mwenye haraka (nao ni wengi) hapo hukosa kisingizio.

Nao maofisa wa vyuo vyetu wasimwambie mtu “kasome” bila ya kumtajia ukurasa.