Inchi 26 na Mapenzi ya Vyuma vya Zamani

Baiskeli ya mlimani ya zamani, kwa maana inayokubaliwa na wapenzi wake wengi, ni ile iliyotengenezwa kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1990: fremu ya chuma au alumini isiyo na springi nyuma, magurudumu ya inchi 26, breki zinazobana rimu, na gia zinazovutwa kwa waya. Ndugu yake wa karibu ni baiskeli ya traiali, inayotumiwa kupanda mawe, magogo na kuta bila mguu kugusa chini. Zote mbili zimepitwa na wakati kwa vipimo vya maduka ya leo. Hata hivyo wapo watu Ulaya, Marekani na Japani wanaosaka kwa miezi jozi moja ya vibadilishia gia ili fremu ya mwaka 1989 ivae vipuri vya mwaka wake. Mapenzi hayo yana mizizi katika namna baiskeli hizi zilivyozaliwa.

Zilizaliwa kwa kuokoteza. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, kaskazini mwa San Francisco, walichukua baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, hasa Schwinn Excelsior zenye matairi manene, wakazipandisha kwenye njia za Mlima Tamalpais na vilima vya jirani ili washuke nazo kwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 yalifanyika mashindano ya kwanza katika mteremko mmoja karibu na mji wa Fairfax, barabara ya vumbi inayoshuka takriban mita 400 katika umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 3. Breki ya baiskeli hizo ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ikifungwa kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kufika chini, habu ilikuwa imechemka na grisi yote imegeuka moshi, hivyo ilibidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kazi hiyo ndiyo iliyoupa mteremko jina la Repack, yaani kujaza upya kwa Kiingereza. Muda bora kuliko wote pale, dakika 4 na sekunde 22, uliwekwa na Gary Fisher.

Fremu za kizamani zilivunjika mara kwa mara, kwa hiyo mwaka 1977 Joe Breeze, mshindani wa Repack na mjenzi wa fremu za baiskeli za barabarani, alichomelea fremu mpya kwa mabomba ya chuma chenye kromiamu na molibdenamu. Baiskeli hiyo ya kwanza sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya taifa la Smithsonian, Washington. Mjenzi mwingine, Tom Ritchey, alianza kutengeneza fremu zilizouzwa na Fisher pamoja na Charlie Kelly, mwandaaji wa mashindano ya Repack, kupitia kampuni waliyoifungua mwaka 1979. Kampuni ya Specialized ilifuata mwaka 1981 na Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi na kuuzwa madukani.

Wakati huo hakukuwa na kiwanda kilichotengeneza vipuri vya baiskeli za mlimani. Breki zilikuwa Mafac za Ufaransa, zilizokusudiwa baiskeli za watalii na za watu wawili. Vishikio vya breki vilitoka kwenye pikipiki, mara nyingi Magura ya Ujerumani. Kranki zilikuwa za TA, Ufaransa tena, na gia za SunTour, Japani. Kila kipande kilichaguliwa kwa sababu mtu fulani alikuwa amekijaribu kwenye vumbi na hakikuvunjika. Anayeijenga upya baiskeli ya mwaka 1980 anafuata maamuzi hayo kimoja baada ya kingine.

Shimano iliingia mwaka 1982 na Deore XT, seti ya kwanza kutungwa yote kwa ajili ya milima, yenye nembo ya kichwa cha paa. Kutoka hapo Wajapani wawili, Shimano na SunTour, walishindana kwa takriban miaka kumi, na vipuri vilivyotokana na ushindani huo ndivyo vinavyotafutwa zaidi leo. SunTour ilikuwa imebuni mwaka 1964 kihamisha cheni chenye mwili wa mshazari, kinachofuata vizuri zaidi mpangilio wa meno ya nyuma. Hataza yake ilipokwisha mwaka 1984, Shimano iliutwaa ubunifu huo, ikauunganisha na gia zenye vituo vinavyobofya, na SunTour haikupata tena nafasi yake. Wapenzi wa SunTour huisimulia hadithi hii kwa uchungu, na wana haki, kwa sababu kazi yake ya mwisho, seti ya XC Pro yenye matundu ya kusukumia grisi safi kwenye beringi bila kufungua kitu, ilikuwa kazi ya watu waliomfikiria fundi.

Kipuri kinachostahili heshima kuliko vyote katika enzi hiyo ni kibadilishia gia cha kidole gumba cha Deore XT, kizazi kilichotoka kuanzia mwaka 1987. Ni wenzo mmoja juu ya usukani. Ndani yake mna diski yenye vituo, na kila kituo kinavuta waya kwa kipimo cha gia moja. Pembeni kuna pete ndogo, na ikizungushwa, vituo vinaondoka na wenzo unabaki kushikiliwa na msuguano tu. Faida yake huonekana baiskeli inapoanguka na kihamisha cheni kupinda: badala ya kutembea kwa miguu hadi nyumbani, mwendeshaji anazungusha pete na kuitafuta gia kwa kidole na sikio. Waya wa aina yoyote unafaa, na habu yenye gia 6, 7 au 8 inahudumiwa na wenzo uleule. Karibu mwaka 1990 Shimano ilihamia kwenye vibonyezo viwili chini ya usukani, vyepesi kwa mkono lakini vilivyofungiwa ndani ya kisanduku cha springi na meno madogo ambacho watu wachache walithubutu kukifungua. Grisi yake hukauka kwa miaka, meno yakakwama, na baiskeli nzima ikaonekana mbovu. Wenzo wa kidole gumba wa miaka hiyohiyo, ukipanguswa, unafanya kazi hadi leo.

Si kila kitu kilikuwa hivyo. Uma wenye springi ulianza kuuzwa na RockShox, kampuni ya Paul Turner, mwishoni mwa miaka ya 1980, na ulibadilisha mchezo kwa haki. Lakini nyuma yake zilikuja uma nyingi zilizotegemea vipande vya plastiki laini badala ya hewa na mafuta. Vipande hivyo hugeuka vigumu kwenye baridi, na baada ya miaka ishirini huoza na kuwa ulojo unaonata ndani ya bomba. Kwa miaka michache, katikati ya miaka ya 1980, watengenezaji waliiweka breki ya nyuma chini ya fremu, karibu na kranki, mahali ambapo matope yote hukusanyika. Mtindo huo ulikufa kwa sababu nzuri. Meno ya mbele yenye umbo la yai, Biopace, yalitangazwa mno na kuachwa upesi. Hata breki za kawaida za mikono miwili zilihitaji fundi mvumilivu, na kwenye mvua zilichelewa kushika. Shimano ilipoleta V-brake mwaka 1996, zenye mikono mirefu na waya unaovuta kutoka upande mmoja, hakuna aliyezililia za zamani kwa sababu ya utendaji wake. Wanaozirudisha leo wanatafuta sura kamili ya mwaka fulani.

Na sura ilikuwa jambo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karakana ndogo za Marekani zilianza kuchonga vipuri kutoka kwenye vipande vizima vya alumini kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, kisha kuvitia rangi kwa umeme na kemikali: zambarau, buluu, nyekundu, dhahabu. Ringlé ilitoa habu na vishikilia chupa, Chris King beringi za uma zinazodumu miongo. Fat City Cycles ya Somerville, Massachusetts, ilichomelea fremu zilizopakwa rangi kama kazi ya sanaa, na GT ikatoa Zaskar, fremu ya alumini isiyopakwa rangi bali kung'arishwa mpaka ikawa kama kioo. Baadhi ya kranki za wakati huo zilikuwa nzuri kwa macho na dhaifu kwa mguu, nyingi zilipasuka. Zambarau nayo hufifia juani. Kipande kilichobaki na rangi yake kamili huwa kilikaa ndani ya boksi, na hiyo ndiyo maana mkusanyaji hufurahia kukuta kipuri ambacho hakikuwahi kufungwa kwenye baiskeli yoyote.

Zaskar inafungua mlango wa traiali, maana aliyeifanya maarufu ni Hans Rey, Mjerumani aliyehamia California mwaka 1987 na kupanda nayo juu ya magari, mawe na ngazi mbele ya kamera. Mchezo wenyewe ulitoka kwenye pikipiki. Catalonia ndiyo kitovu chake: Pere Pi, mwendeshaji wa pikipiki za Montesa, alishughulikia baiskeli ndogo ambazo watoto waliiga nazo baba zao, kisha akaanzisha Monty, na mwanawe Ot Pi akawa bingwa wa dunia mara nyingi. Kwa kanuni za zamani, mshindani hupita katika eneo lililozungushiwa utepe. Kila mguu unapogusa chini ni alama moja ya adhabu, kushindwa kabisa ni alama tano, na mwenye alama chache ndiye mshindi.

Kanuni hiyo moja iliunda vipuri vya aina yake. Mwendeshaji anayesimama juu ya gurudumu la nyuma, kwenye ncha ya jiwe, anahitaji breki inayofunga gurudumu lisisogee hata kidogo, na akiiachia anahitaji pedeli ishike papo hapo. Friwili ya kawaida huacha pengo kubwa kabla ya kushika; habu ya Chris King yenye vituo 72 hushika kila nyuzi 5 za mzunguko, na ndiyo maana iliheshimiwa sana. Kwa breki, Magura HS33 ilitawala. Mafuta ndani ya mrija husukuma pistoni mbili zinazobana rimu kwa nguvu kiasi kwamba mabomba ya fremu hutanuka, kwa hiyo daraja la chuma lenye umbo la kiatu cha farasi lilifungwa juu ya breki kuyazuia. Hata hapo waendeshaji hawakuridhika: walikwangua rimu kwa mashine ya kusagia hadi ikawa na mikwaruzo, wengine wakaipaka lami kidogo. Breki hizo hupiga kelele inayosikika mtaa mzima na huila rimu haraka. Rimu ya traiali ya miaka ya 1990 iliyobaki nzima ni nadra kwa sababu hiyo.

Uingereza ilikuwa na sauti yake katika mchezo huu. Pashley, kiwanda cha Stratford-upon-Avon kinachojulikana kwa baiskeli za watarishi wa posta, kilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990 fremu ya traiali iliyoitwa 26MHz. Filamu ya Chainspotting ya mwaka 1997, iliyowaonyesha Martyn Ashton na Martin Hawyes, ilipita mkono kwa mkono katika kanda za video hadi visiwa vya Uskoti, ambako mvulana wa Skye, Danny MacAskill, aliitazama tena na tena. Aprili 2009 video yake mwenyewe, iliyopigwa Edinburgh, ilienea duniani kote. Watu wengi waliorudi kutafuta baiskeli zao za zamani wanatoka katika kizazi kilichokua na kanda hizo.

Kilichoifunga enzi hii ni kipenyo. Gary Fisher huyohuyo alisukuma magurudumu ya inchi 29 tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kisha yakaja ya 27.5: mwaka 2012 Nino Schurter alishinda kwa kipimo hicho mbio za Kombe la Dunia za Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Ndani ya misimu michache fremu za inchi 26 zilitoweka katika orodha za makampuni makubwa, na pamoja nazo uma na rimu bora. Upana wa habu, kipenyo cha bomba la usukani, beringi za kranki, vyote vilibadilika tena na tena. Hapo zamani kranki ya mwaka 1985 iliweza kufungwa kwenye fremu ya mwaka 1995 kwa beringi iliyouzwa kila duka. Hasara ya uwezo huo ni ya kweli, na inatosha kueleza sehemu kubwa ya hamu hii bila kutaja ujana.

Kwa mafundi wa Afrika Mashariki inchi 26 haijawa historia. Baiskeli za gia za mtumba zimekuwa zikishushwa Dar es Salaam na Mombasa kwa miaka mingi, na nyingi ni za kipimo hicho. Tahadhari moja ni ya lazima: tairi ya mlimani ya inchi 26 hukaa kwenye rimu ya milimita 559, wakati tairi nyembamba ya Kiingereza ya 26 × 1⅜ hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Namba ya juu inafanana, lakini moja haiingii kwa nyingine. Anayetafuta tairi asome tarakimu tatu za milimita zilizochapwa ubavuni.

Waasisi wenyewe wamefika huku. Tom Ritchey alitembelea Rwanda mwaka 2005 na kuanzisha mradi uliozaa baiskeli ndefu ya kubebea kahawa na timu ya taifa ambayo kwayo Adrien Niyonshuti alishindana katika mbio za mlimani za Olimpiki ya London 2012. Hans Rey alianzisha Wheels 4 Life, shirika linalogawa baiskeli katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, na pamoja na MacAskill walipanda na baiskeli Mlima Kenya na Kilimanjaro.

Traiali, kwa upande wake, haikuiacha inchi 26: mashindano ya dunia bado yana daraja la inchi 20 na la 26. Kwa hiyo tairi imara, rimu pana na breki za mafuta zinazobana rimu bado zinatengenezwa, na mwenye fremu ya mwaka 1992 anayekosa vipuri katika duka la baiskeli za mlimani hupata sehemu yake kwa wauzaji wa traiali.