Aiskrimu ya mkono: baridi haiui vijidudu

Umeme wa SNEL ukikatika, friji za Bukavu hazisaidii kitu, lakini aiskrimu bado yawezekana. Inahitaji barafu, chumvi, mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachobana, ndoo, na mikono isiyochoka upesi. Nancy Johnson wa Philadelphia, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kuzungusha kwa mpini mwaka 1843, na asiye na mashine huuzungusha mkebe wenyewe ndani ya ndoo, akiufungua mara kwa mara kukwangua maziwa yaliyoganda ukutani.

Barafu tupu ikiyeyuka hubaki kwenye digrii 0. Maziwa yenye sukari hayagandi hapo. Huanza kuganda digrii 2 au 3 chini ya sifuri. Ndipo chumvi inapoingia: huilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya sifuri, na kuyeyuka hula joto. Kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 hivi, joto linalotosha kuchemsha lita nzima ya maji ya bomba. Joto hilo hutoka kwenye maziwa. Kwa kilo 4 au 5 za barafu iliyopondwa, kilo 1 ya chumvi huishusha ndoo zaidi ya digrii 10 chini ya sifuri. Usiitumbukize mikono mitupu humo, itaungua kwa baridi.

Kukoroga kunavunja fuwele za barafu zikiwa ndogo na kuingiza hewa. Ukiacha mkebe utulie, utakula mawe matamu.

Ila kinachompeleka mtoto hospitali si fuwele. Maziwa mengi mjini hutoka Kabare na Walungu, yakiwa mabichi ndani ya bido. Yanaweza kubeba vijidudu vya bruselosi na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na baridi haiviui vijidudu hivyo. Huvilaza tu, viamke tumboni. Kwa hiyo maziwa na sukari vichemke kwanza kwenye mbabula, na mayai, kama yapo, yaive humo humo. Wako wanaohofu kwamba huku juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 badala ya 100, hivyo vijidudu havitakufa. Hofu hiyo haina msingi, kwani viwandani maziwa husafishwa kwa digrii 72 kwa sekunde 15. Yakishachemka yafunikwe, yapoe, ndipo yaingie mkebeni.

Barafu nayo ina siri yake. Ikiwa imetengenezwa kwa maji ya ziwa au ya bomba yasiyotibiwa, kijidudu cha kipindupindu, ugonjwa usio mgeni Kivu, kinaweza kubaki hai ndani yake. Ibaki ndooni, isiguse maziwa, wala isitiwe kwenye glasi ya juisi. Futa kifuniko kila unapokifungua. Hapa chumvi inakuwa shahidi: aiskrimu ikiwa na ladha ya chumvi, maji ya ndoo yamepenya. Imwage yote, hata watoto wakilia.

Iliyo salama iliwe papo hapo. Ikishayeyuka na kukaa kwenye joto, kuigandisha tena hakuisafishi. Maji ya ndoo yasimwagwe kwenye bustani ya lengalenga, kwa sababu chumvi hukausha mimea.